Msoma Mita Anatafuta Nyumba

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilisahauliwa kwenye mfuko wa koti. Koti lililetwa dukani kwetu kufuliwa mwaka jana, mwenyewe hakurudi, na sheria ya bosi ni kwamba nguo isiyochukuliwa kwa miezi sita ni mali ya duka. Yeye akachukua koti, mimi nikachukua daftari. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa na vipimo vya madirisha ya mtu. Nimezichana.

Leo mwenye nyumba alipanda ngazi mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu, jambo ambalo halijatokea tangu bomba lilipopasuka. Alisimama mlangoni akihema, hakutaka kukaa. Ameuza jengo. Mnunuzi analigeuza kuwa nyumba ya wageni, na wapangaji wote tuwe tumetoka ifikapo tarehe thelathini na moja Mei.

"Nimekuonea huruma, ndiyo maana nakwambia mapema," akasema.

Nikamwambia asante. Nilipofunga mlango ndipo nikajiuliza nimemshukuru kwa lipi.

Baba aliuliza ni nani aliyekuja. Nikamwambia mwenye nyumba. "Mita yake inavuja," akasema, akaendelea kula.

Nilikaa kitandani nikisubiri kuogopa. Sikuogopa. Nikapiga pasi sare ya kesho.

Jumatano, 5 Machi

Mvua zimeanza. Mashuka ya hoteli hayakauki.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata dalali. Nimempa jina la Karibu Sana, kwa sababu kila nyumba yake iko karibu sana. Ya leo tulitembea dakika hamsini kuifikia, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na kiatu kinachoingiza maji. Niliposita mbele ya mlango wake uliooza chini, akaniambia, "Nyumba njema si mlango, dada yangu. Fungua uingie ndani." Nikaingia. Sikuweza kujua jiko linaishia wapi na choo kinaanzia wapi.

Nimemweleza kwa mara ya tatu ninachotaka. Naandika hapa nisije nikabadilishwa mawazo. Baba alisoma mita za maji za mtaa huu na mitaa sita inayouzunguka kwa miaka thelathini na moja, kwa miguu. Sasa ana miaka sabini na sita na kichwa kinamwaga vitu. Jana aliniita mama, leo ameniita msimamizi. Lakini kila siku saa tatu asubuhi anavaa viatu, anachukua kalamu, anakwenda mzunguko wake, na saa saba nikikimbia kutoka kazini kumpakulia chakula namkuta sebuleni amekaa, ufunguo shingoni. Daktari alisema miguu ina kumbukumbu yake. Basi nataka vyumba viwili ndani ya mitaa hii saba, mahali ambapo miguu ya Baba inajua njia na mimi nafika kazini kwa dakika kumi na mbili.

"Ndani ya mitaa hii?" Karibu Sana akacheka. "Mchagua jembe si mkulima, dada."

Nikamlipa ada yake ya kuonyesha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mteja mmoja ametutukana kwa sababu ya suruali mbichi.

Jumapili, 16 Machi

Kaka amepiga simu. Anakaa mbali, nje ya mji, kwenye nyumba yenye uwanja na ukuta. Habari za kuuzwa kwa jengo amezipata kwa mtu, si kwangu, na hilo lilimuuma.

"Wewe mdogo wangu unajitesa bure. Mlete Baba kwangu. Geti tunafunga, haendi popote, wewe tafuta chumba kimoja ukae kwa raha zako."

Kaka si mtu mbaya. Mwaka juzi alimchukua Baba kwa siku nne. Ilipofika saa tatu asubuhi Baba alivaa viatu, akachukua kalamu, akakuta geti limefungwa. Siku zote nne alilipiga kwa ngumi. Wifi yangu alimfunga bandeji mikono yote miwili, akaongeza sauti ya redio ili majirani wasisikie. Nilipokwenda kumchukua alikuwa amekaa akitazama ukuta, na kalamu imevunjika.

"Nipe mpaka mwisho wa Mei," nikasema.

"Tarehe thelathini na moja nakuja na gari. Kama huna nyumba, naondoka naye. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Baadaye niliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi, 22 Machi

Nyumba tatu leo, zote ndani ya mitaa yetu. Ya kwanza, mama mwenye nyumba aliongea nami kupitia ufa wa mlango.

"Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na baba yangu."

"Mzee? Ngazi zangu hazitaki wazee." Akafunga.

Ya pili walitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ya tatu ilikuwa nzuri, nadhani, kwa sababu tukiwa bado tunapanda ngazi tulikutana na mwanamume anashuka anatabasamu, na ufunguo wake mkononi.

Karibu Sana alisikitika kweli kweli. Alisema angekuwa na uwezo angenijengea.

Jumanne, 1 Aprili

Bosi kasema siku hizi nimekuwa mpole. Si upole. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaiandika yote.

Karibu Sana alikuja mbio saa mbili asubuhi. Mtaa wa tatu kutoka kwetu. Vyumba viwili vya chini, hakuna ngazi hata moja, dirisha linatazama barabarani, na kodi ambayo ningeiweza kama ningeacha kununua nyama na viatu. Mwenye nyumba ni mkunga mstaafu, mnene, mcheshi, anaita kila mtu mwanangu. Nilikwenda na Baba makusudi, ili aone ni mzee mtulivu, hana fujo. Nilimvalisha shati jeupe nililolipiga pasi kazini.

Akatupenda. Akatuwekea viti uani, akatumiminia chai. Akamwuliza Baba habari za afya, na Baba akajibu vizuri kabisa, akamwuliza naye mguu wake umepona. Mkunga akacheka mpaka kikombe kikamwagika. "Mzee huyu ni wangu," akasema. "Mwanangu, leta vitu vyako hata kesho."

Nilikuwa natoa pesa kwenye pochi Baba aliposimama. Alikwenda ukutani, akapiga goti, akafuta kioo cha mita kwa mkono wa lile shati jeupe, akachomoa kalamu. Nilijua anasoma tu. Husoma kila mita anayokutana nayo, kama mtu mwingine anavyosoma mabango. Lakini safari hii alikaa sana. Kisha akainuka na kusema kwa sauti yake ya kazini, ambayo sijaisikia miaka kumi:

"Mita hii imefungwa kinyume."

Wapangaji wawili wakatoa vichwa madirishani.

"Inarudi nyuma," Baba akawaeleza, bila hasira, kama mwalimu. "Mtu akiigeuza wiki moja kila mwezi, inapunguza maji badala ya kuhesabu. Bili ikija ni ndogo. Ni kosa. Mwenye nyumba ni nani? Aitwe."

Mpangaji mmoja akasema, "Kumbe! Na sisi kila mwezi tunachangishwa bili nzima!"

Mkunga akaniangalia mimi, si Baba. "Nyinyi ni watu wa maji?"

"Hapana, mama. Alistaafu zamani. Ni mgonjwa, hajui anachokisema."

"Anajua sana anachokisema," akasema. Akakichukua kikombe changu kikiwa na chai nusu. "Mwanangu, mimi sitaki maneno. Nendeni."

Njiani nilimfokea. Sijawahi kumfokea Baba maishani. Nilisimama katikati ya barabara, mvua inatupiga, nikamwambia: miaka thelathini na moja hukuweza kunyamaza hata mara moja? Hata leo? Unajua kaka anakuja na gari? Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema kwa adabu, "Malalamiko yapelekwe ofisini, dada. Dirisha la pili."

Siku nyingine ningecheka.

Jumapili, 13 Aprili

Sina la kuandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya tano siongei na Baba zaidi ya kula na kulala. Hajagundua. Karibu Sana hapokei simu zangu, habari za mita zimeenea kwa madalali wote.

Alhamisi, 24 Aprili

Mashine ya mvuke iliharibika kazini, bosi akaturudisha nyumbani saa nne. Sijawahi kuwa mtaani kwetu saa hiyo siku ya kazi.

Nilimwona Baba kwenye kona ya muuza magazeti. Alikuwa amesimama, kalamu mkononi, uso umeelekea upande wa stendi, ambako hakuna mita yake hata moja. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Niliujua uso ule, ndio wa saa ile anapoamka hajui chumba ni cha nani. Nikataka kumwita. Kabla sijamwita, muuza magazeti akainuka, akaweka jiwe juu ya magazeti yake, akamshika kiwiko.

"Mzee, mzunguko wa leo ni huku."

Akamtembeza taratibu mpaka kwa fundi viatu, na fundi akaweka chini kiatu alichokuwa anashona, akampisha kwenye kigoda chake. Wakakaa kidogo. Fundi akachukua kitambaa, akamfuta matope kwenye viatu. Kisha akampigia mluzi mwanamke wa duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Mwanamke akatoka na koti lake jeupe na mwavuli, akampokea Baba, akamvusha, akamfikisha kwenye jengo letu, akachukua ufunguo shingoni mwake, akapanda naye ngazi.

Mimi nilikuwa nawafuata kwa nyuma kama mwizi. Aliposhuka na kurudi dukani kwake hakuniona.

Nikaenda kwa fundi viatu.

"Dada wa ghorofa ya tatu!" akasema. "Leo umesimama? Kuna nini?"

"Yule mzee..."

"Baba yako. Tunamjua."

"Mnafanya hivi tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu mvua za mwaka juzi. Tulimkuta stendi amekaa, hajui arudi wapi. Tukakubaliana. Wa magazeti anampokea, mimi niko katikati, dada wa dawa anamfikisha. Akikawia tunamfuata."

"Kila siku?"

"Yeye ana siku ya mapumziko?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi? Asubuhi unapita hapa kama mtu anayefukuzwa, jioni kama mtu anayefukuza. Salamu yenyewe huitikii."

"Huwa naitikia."

"Kwa kidevu," akasema.

Akaokota kiatu chake na sindano. Alisema Baba alipokuwa akisoma mita alikuwa akisimama kwa kila mtu, anauliza mtoto ameamkaje, mguu umepona, mgeni ameondoka. "Bili ilikuwa chungu," akasema, "lakini mleta bili alikuwa mtamu."

Basi miguu yake haijui kitu. Miaka miwili naishukuru miguu. Nimepanda ngazi, nimemkuta Baba amekaa sebuleni na viatu vimefutwa, na miaka yote hiyo niliamini anavifuta mwenyewe. Nimekaa mtaa huu miaka kumi na moja. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwuliza fundi yule swali.

Nimeona aibu. Naiandika kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu Machi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemsalimia fundi viatu kwa mdomo. Akajishika kifua kama aliyepigwa risasi. Muuza magazeti alicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 3 Mei

Wametusaidia kutafuta, wote watatu. Hakuna kitu. Kila jengo linalouzwa linakuwa nyumba ya wageni au ofisi. Nilimwuliza mwanamke wa dawa yeye amepanga wapi hapa jirani, akanitazama kama ninayefanya mzaha. Hakuna hata mmoja wao anayelala kwenye mitaa hii. Kodi iliwaondoa zamani. Huja asubuhi na kurudi jioni, na katikati wanamlea baba yangu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imepungua. Mashuka yamekauka kabla ya saa nane, bosi ameimba.

Jumamosi, 10 Mei

Karibu Sana amenisamehe. Safari hii alikuwa mkweli: "Dada, hii ni mbali." Ni ng'ambo ya daraja, dakika arobaini na tano kwa miguu hadi kazini kwangu. Vyumba viwili juu ya duka la misumari na rangi, ngazi kumi na nne tu. Mtaa ni mwembamba, magari hayapiti, watu wanatembea katikati ya njia bila kutazama nyuma. Kodi naiweza, hata nyama mara moja kwa wiki naiweza.

Baba alipiga goti kwenye mita. Mimi nikabana pumzi, na Karibu Sana akabana ya kwake. "Safi," akasema Baba. Nikalipa palepale.

Usiku nikaona nilichokifanya. Kule hatujui mtu hata mmoja. Akitoka saa tatu, saa nne ameshapotea, na saa saba siwezi tena kukimbia nyumbani.

Jumapili, 18 Mei

Nilimweleza kaka. Hakufoka, na ingekuwa afadhali afoke.

"Huko utamwachia nani? Wewe mwenyewe hujui kuongea na watu tangu utotoni. Atapotea siku ya kwanza, utanipigia simu unalia, na mimi nitakuwa mbali. Mlete, mdogo wangu. Kukaa ndani si kufa."

Anasema kweli karibu yote. Nikamwambia ugali unaungua, nikakata simu, wala sikuwa napika.

Jumanne, 27 Mei

Nafunga mizigo. Vitu vyetu ni vichache kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 31 Mei

Jua kali, hakuna wingu. Kaka alifika saa mbili na gari la kukodi. Alipanda, akamsalimia Baba, Baba akamwita bwana mkubwa. Kisha akaniita jikoni.

"Umefikiri?"

"Nipe wiki moja."

"Wiki moja ya nini?"

Sikujua ya nini. Nikarudia tu. Wiki moja, kaka. Alitazama mikono ya Baba, naye Baba alikuwa anafungua na kufunga kofia ya kalamu. Nadhani aliyakumbuka yale ya geti, kwa sababu alikwenda kuinua kabati.

"Akipotea mara moja tu," akasema kwenye ngazi, "nakuja na simwulizi mtu."

Chini walikuwepo wote watatu. Muuza magazeti alibeba godoro peke yake. Fundi viatu alikataa pesa ya soli za Baba. Mwanamke wa dawa alimfunga Baba kifungo cha juu cha shati, akampigapiga begani, akarudi dukani haraka. Baba aliwaaga mmoja mmoja kwa kuwauliza wameamkaje, ilhali ilikuwa saa sita mchana. Gari lilipoondoka walibaki wamesimama barabarani, na mimi niliwapungia mkono mpaka kona.

Jumapili, 1 Juni

Nimefunga mlango kwa ndani, ufunguo nimeuficha. Saa tatu alivaa viatu, akauona mlango umefungwa, akagonga kwa adabu. Akagonga tena. Alipoanza kutumia ngumi nilifungua, tukatembea pamoja mpaka mchana. Sikusalimia mtu.

Jumatatu, 2 Juni

Bosi amenipa asubuhi nzima, kwa sharti kwamba nitafidia Jumamosi.

Nilikuwa na sentensi moja na niliifanyia mazoezi tangu alfajiri, mbele ya sinki: Hamjambo, sisi ni wapangaji wapya, huyu ni baba yangu, huwa anasahau njia, mkimwona amepotea tafadhali mrudisheni juu ya duka la misumari. Nikaisema hata bafuni. Saa tatu tukatoka.

Kwa muuza misumari, chini yetu, sentensi ilikwama kwenye "sisi ni". Alikuwa anapima rangi. Akaitikia kwa kidevu. Nikamshika Baba mkono, tukaondoka, na masikio yangu yanawaka.

Kwa fundi simu tulisubiri wateja wawili waishe. Alipoinua kichwa nilisema nataka kujua bei ya kuweka kioo. Akaniambia bei. Nikasema asante.

Wa tatu ni mama anayeuza vifungo na nyuzi kwenye kona, mahali njia inapogawanyika mara tatu. Ndipo pabaya hasa, mtu akikosea pale anaishia darajani. Nilijua nisipoisema pale siisemi tena, na jioni itanibidi nimpigie kaka. Nikasimama mbele ya meza yake.

Baba akanitangulia. "Habari za hapa? Mguu umepona?"

Mama akashangaa. "Shikamoo mzee. Umejuaje kama mguu unaniuma?"

"Marahaba." Baba akanivuta mbele kwa mkono, mpaka nikagusa meza. "Mama, huyu ni mwanangu. Ni mgeni huku, tena haongei. Ukimwona amepotea, tafadhali mrudishe nyumbani."

Mama akanitazama, kisha akamtazama yeye. Nadhani alielewa, kwa sababu hakucheka.

"Sawa, mzee. Nitamtazama. Nyumbani ni wapi?"

Baba akageuka. Aliitazama njia ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Akazitazama tena.

"Hilo," akasema, "mwulize yeye."

Nikamwonyesha mama kwa kidole: duka la misumari, ngazi za pembeni, mlango wa kijani. Nilipomaliza nilikuwa nalia, kwa sauti, mbele ya vifungo vya watu. Mama akatoa kiti chini ya meza akanikalisha, Baba akasimama kando yangu akishika bega langu, na tukakaa pale mpaka wa misumari naye akatoka kuja kuuliza kuna nini.